Mpiga Nanga Anawaza Nini? Karagwe ya 1862 na Swali la Ubunifu wa Papo kwa Hapo

Kila aliyesoma fasihi simulizi, hata kwa muhula mmoja tu, anaijua sentensi hii: fanani hubuni papo kwa hapo mbele ya hadhira yake. Tunaiandika kwenye mitihani, tunapata alama zetu, tunaondoka. Hakuna anayetuuliza, na wala sisi wenyewe hatujiulizi, jambo ambalo mtoto mdogo angeliuliza mara moja: sasa huyo fanani, wakati anabuni, kichwani mwake mna nini? Anawaza maneno? Anawaza nyuzi? Au ndiyo tuseme hawazi lolote, kapandwa na pepo wa sanaa naye anafuata tu anakopelekwa?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kutumia mfano mmoja wa kihistoria kutoka Karagwe, mkoani Kagera. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unatuonyesha mpiga nanga akiwa kazini zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, wakati ambapo hakukuwa na redio, kinasa sauti wala mhakiki. Pili, mimi ni mtu wa Ihanda, hukohuko Karagwe, na katika suala hili la nanga nina deni. Deni lenyewe nitalieleza mbele ya safari, msomaji anivumilie.

Kwa wasioijua, nanga ninayoisema siyo ile ya meli. Ni ala ya nyuzi. Kipande cha mti huchongwa mfano wa sinia refu au kimtumbwi kidogo, kisha uzi mmoja mrefu hupitishwa kutoka ncha hii hadi ile, ukarudi, ukaenda tena, mpaka uzi mmoja ukawa nyuzi saba au nane. Mpigaji huipiga kwa vidole huku akiimba. Wahaya na Wanyambo huiita enanga, na ndugu zake wapo Rwanda, Burundi na Uganda magharibi. Kwa ala hii ndipo tendi za mashujaa wa Buhaya na Karagwe zilipoimbwa, barazani kwa watawala na kwenye shughuli za watu wa kawaida.

Sasa turudi nyuma. Mwezi Novemba 1861, maofisa wawili waliotumikia jeshi la Waingereza kule India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Januari 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda. Grant hakuweza, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umevimba vibaya, ikabidi abaki Karagwe kwa miezi kadhaa. Mtu mgonjwa wa mguu hana pa kwenda. Ndivyo Grant alivyopata nafasi ya kukaa na kusikiliza.

Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1864, Grant anaieleza nanga kwa makini ya mtu mwenye rula mkononi. Anasema ilichongwa kwa mti mweusi mzito, ukubwa wake inchi 22 kwa 9, au nyingine 30 kwa 8, na kwamba wakati mwingine hufungwa kibuyu nyuma ili sauti ikue. Baadaye akamwomba ndugu yake Rumanyika, ambaye anamwandika M'nanagee, amletee mpigaji bora aliyekuwa naye.

Mpigaji akaja. Kwa mujibu wa Grant, aliingia kibandani bila hodi wala kutambulishwa, amevaa Kinyambo, akaegemeza mkuki wake kwenye paa, akaitoa nanga kwapani, akaketi mkekani na kuanza. Uso aliugeuzia pembeni. Aliimba juu ya kutumwa kwake kwa mgeni huyo, kisha akaimba juu ya mbwa mmoja aliyependwa sana, ambaye Grant ameliandika jina lake Keeromba. Watu wakajaa. Wakamtaka arudie, akarudia zaidi ya mara moja, na wimbo wa mbwa ukawa midomoni mwa watu kwa siku kadhaa baada ya hapo.

Basi. Hayo ndiyo tuliyonayo. Jina la mpigaji hatukupewa, maneno ya wimbo hatukupewa. Lakini hebu tuyasome haya machache kama tunavyosoma shairi, maana kuna mambo matatu humo ndani.

Jambo la kwanza ni lile la kutumwa. Wimbo wa mbwa huenda alikuwa nao siku nyingi, umekomaa, unamngoja. Lakini maneno ya kwamba nimetumwa kwako wewe mgeni hayakuweza kuwa ya siku nyingi. Yalizaliwa siku hiyo, pengine njiani, pengine palepale mkekani. Hapa tunaona kwamba ubunifu wa papo kwa hapo si kubuni kila kitu. Ni kuweka kipya mlangoni ili cha zamani kipate kuingia.

Jambo la pili ni mpangilio. Alianza na mgeni, akamalizia na mbwa. Mbele yake zilikuwapo hadhira mbili ambazo hazikufanana hata kidogo: mzungu mmoja aliyedaka maana kwa mbali tu, na watu wa pale waliokuwa wakikusanyika. Kwa yule wa kwanza alitoa heshima, akamtaja. Kwa hawa wa pili akatoa kitu cha kuondoka nacho. Na kweli waliondoka nacho! Mtu aliyepandwa na pepo hagawi namna hiyo. Huyu alikuwa anapiga hesabu.

Jambo la tatu ni uso kugeuzwa pembeni. Grant aliyemwona aliona mtu wa porini, mwenye jazba. Mimi nalisoma tofauti. Mtu anayetaka kusikia vizuri hugeuza kichwa ili sikio lielekee kunakotoka sauti. Anayetazamwa huonekana hatazami watu, kumbe anawasikia wote: nani amekohoa, nani amecheka, nani kanyamaza ghafla. Yaani macho yamepumzishwa ili masikio yafanye kazi.

Msomaji anaweza kusema kwamba namtafutia mpigaji huyu akili ambayo pengine hakuwa nayo. Ni hoja ya haki. Tuijaribu basi kwa mfano wa upande wa pili, kwa sababu Grant ametuachia pia habari ya utendaji ulioanguka. Miongoni mwa nanga alizozichunguza, moja iliyopigwa na mwanamke mzee ilimshangaza: katika nyuzi saba, sita zilikuwa zimekazwa sawasawa kwa ngazi ya sauti anayoijua yeye, mmoja tu ndio uliokosea. Lakini anapoeleza jinsi mwanamke mzee alivyompigia akiwa amesimama mbele yake, anasema wimbo wote ulikuwa ni "sh, sh", huku mama huyo akipinda mdomo, akizungusha mwili na kuinua miguu. Grant aliona ni onyesho duni. Halikurudiwa.

Hapa mhakiki anapaswa kusimama. Nani alishindwa? Grant alikwisha kuzoea nanga yenye maneno, iliyomtaja yeye. Akaletewa nanga yenye pumzi na mwili, ambayo haikumtaja, akaiona si kitu. Yule wa mbwa aliombwa arudie, na kila alipoombwa alipata nafasi ya kuwaza upya. Huyu mama alifungiwa uso mara ya kwanza tu. Anayebuni papo hapo huwaza pamoja na anayemsikiliza, na msikilizaji akifunga mlango, wazo halina pa kuingilia. Ni vema pia tukumbuke kwamba uhakiki wetu wa nanga umejaa wanaume, na mmoja wa wapiga nanga wa kike wa zamani tuliobakiziwa kwa maandishi ametufikia kupitia hukumu ya mtu ambaye hakumwelewa.

Baada ya hapo wataalamu walikaa muda mrefu wakibishana juu ya jambo jingine kabisa: je, Afrika ina tendi? Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake maarufu kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kwamba utendi ni utanzu wa kawaida kusini mwa Sahara. Isidore Okpewho akamjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979. Kwa upande wetu, M. M. Mulokozi alichapisha makala mwaka 1983 akiuliza kama wapiga nanga wa Tanzania ni watunzi wa tendi, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Mwaka 1986 akaikamilisha hoja hiyo kwa tasnifu ya uzamivu hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2002 ikatoka kitabu. Mjadala huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu ulitetea heshima ya sanaa yetu. Ila ulikuwa na gharama yake. Ili kuthibitisha kwamba nanga ni utendi, ilitubidi wengi wetu tuichukulie kama matini: ina mwanzo, ina shujaa, ina mwisho, inaweza kuwekwa mezani pembeni ya Homer. Sisi wanafunzi tuliokuja baadaye tukaushika mwisho wa hoja, tukauacha mwanzo wake, yaani yule mtu mkekani.

Tena cha ajabu, uhusiano huo na Homer ndio ungetusaidia. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Milman Parry alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wa tendi waliokuwa bado hai, na mwaka 1960 mwanafunzi wake Albert Lord akaandika matokeo yake. Waimbaji wale walidai wanaurudia wimbo neno kwa neno. Kanda zilionyesha sivyo. Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi wa fasihi angepaswa kukijua. Mwimbaji mmoja, Mumin Vlahovljak, aliimba wimbo wa mistari 2,294. Mwenzake, Avdo Međedović, alikuwa amekaa anausikiliza kwa mara ya kwanza. Alipoombwa auimbe yeye, ulitoka na mistari 6,313. Hakudanganya wala hakusahau. Aliujaza: mavazi, farasi, moyo wa shujaa. Kinachotuhusu sisi ni kwamba mistari ile elfu nne ya ziada haikuwa kwenye kumbukumbu ya wimbo. Ilitoka kwenye stadi aliyokwisha kuwa nayo mkononi, na kwenye kuketi mbele ya watu waliotaka kusikia zaidi.

Sayansi nayo imeligusa swali hili. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun, huko Marekani, waliwachukua wapiga piano sita wa jazi, wakawalaza mmoja mmoja ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa kinanda kidogo cha vitufe 35. Mara wapige walichokariri, mara wabuni. Walipobuni, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusishwa na kujichunga na kujikosoa ilipungua kazi, na sehemu nyingine, inayohusishwa na mtu kujieleza nafsi yake, ikaongezeka. Wengine wameyapokea matokeo haya kama uthibitisho kwamba mbunifu "huacha kuwaza". Mimi sikubaliani na tafsiri hiyo. Kuacha kujichunga si kuacha kuwaza. Tena tutazame mazingira: mtu kalazwa peke yake kwenye tundu, na bendi anayoisikia masikioni imerekodiwa, kwa hiyo haiwezi kumjibu. Jaribio lile lilipima vizuri hali ya mtu anayebuni bila hadhira. Lakini mpigaji wa Karagwe hakuwahi kuwa katika hali hiyo.

Aliye karibu naye zaidi, kwa maoni yangu, ni mpiga gitaa la solo wa muziki wa dansi. Wazee wetu wanamkumbuka Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Katika muziki ule, waimbaji wakishamaliza beti zao, wimbo huingia kwenye sehemu ya kuchemka na gitaa la solo linachukua uongozi. Kwenye sahani ya santuri nafasi ni dakika chache tu, upande wa kwanza na wa pili. Ukumbini hakuna saa. Mpigaji akiona watu wamekolea, anazunguka palepale na kipande kilekile, anakigeuza kidogo tu, kwa sababu kukibadilisha mapema ni kuwakata watu miguu. Akiona wamechoka, anafungua njia nyingine. Uamuzi wake mkubwa si noti gani ifuate. Ni je, hawa watu bado wanakitaka hiki?

Na hapo ndipo ninapofika nyumbani Ihanda, na kwenye deni langu.

Jirani na kwetu alikuwapo mzee mpiga nanga. Hakuwa babu yangu wa damu, lakini nilimwita babu kama ilivyo desturi. Nilipopewa kazi ya kukusanya fasihi simulizi ya mahali nilikotoka, nilijua pa kwenda. Likizo ile kulikuwa na harusi, na babu alialikwa. Nilimrekodi kwa simu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Usiku uleule, alipopumzika kunywa rubisi, nilimuuliza: "Babu, ukinyamaza kuimba ukabaki unapiga tu, huwa unawaza nini?"

Alicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, vidole vinajua njia ya kisimani, sivisindikizi. Mimi hapo namtafuta nani hajala."

Nilidhani ananitania, mzee kashiba. Akarudi kwenye nanga. Alikuwa katikati ya kisa cha shujaa, amefika vitani, mara akanyamaza, akabaki na nyuzi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipofungua mdomo hakurudi vitani. Alimtaja baba yangu, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Akaimba kwamba huyo ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye baiskeli kumpeleka kwenye shughuli, nanga mgongoni, na kwamba usiku huu amekuja kwa miguu. Mistari kama minne hivi. Kisha akarejea vitani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama yangu alikuwa amekaa nyuma kabisa, upande wa jikoni, na wanawake wenzake. Alikuja harusini kwa heshima tu, hakuwa amecheza wala kuitikia tangu jioni. Baada ya mistari ile nilimsikia akiitikia.

Sasa ona nilichofanya mimi, mtaalamu. Nilipoanza kunukuu, sehemu ile niliiona "haihusiani na kisa". Mafunzo niliyoyaelewa, au niliyoyaelewa vibaya, yalinituma nitafute matini moja safi. Nikarudi kwa babu asubuhi moja, nikamkalisha chumbani, nikafunga mlango ili kuku wasisikike, nikamwomba apige tena. Alianza, akasimama. Akauliza kama hatuwezi kumwita mtu yeyote aje akae. Nikamwambia, hapana babu, watapiga kelele. Akapiga. Kisa kilitoka kizima, kimenyooka, bila mgeni wala baiskeli. Nilikinukuu, nikakiwasilisha, nikapata alama nzuri. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo ile ya harusi niliifuta.

Babu alifariki mwaka uliofuata. Kila nikienda likizo mama huniuliza kama ile sauti ya harusini bado ninayo. Nimeshamjibu ukweli, lakini bado huniuliza.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la makala haya ni hili. Anapobuni, mpiga nanga hawazi nyuzi, maana hizo amezikabidhi vidole. Kisa nacho hakimsumbui, maana anakijua. Anawaza watu: nani yupo, nani amemtuma, nani amekaa nyuma upande wa jikoni. Kipande kile cha nyuzi tupu, ambacho tunapokinukuu tunaandika kwenye mabano "anapiga nanga" na kuendelea, ndicho chumba anachofanyia kazi hiyo. Tukikiruka, tumeruka utunzi wenyewe.

Kwa wenzangu mnaojiandaa kwenda kukusanya kazi za fasihi simulizi, ninapendekeza jambo dogo. Andikeni waliokuwapo. Andikeni walikaa wapi, nani aliitika na nani hakuitika, na fanani alinyamaza wakati gani na kwa muda gani. Mistari inayoonekana kupotea njia msiikate, maana huenda ndiyo iliyotungwa usiku huo, na mingine yote ni ya zamani.

Grant hakuijua lugha, hakumwelewa yule mama, na jina la mpigaji hakulihifadhi. Hata hivyo aliandika kwamba mtu yule aliimba juu ya kutumwa kwake kwa mgeni. Huo ni mstari usiohusiana na mbwa wala na kisa chochote. Mgeni aliuhifadhi. Mimi mwana wa Ihanda, niliyepewa mstari kama huo kwa lugha ya mama yangu, niliufuta ili nipate nafasi kwenye simu.